Kikapu Kisicho na Pipi

Hata sungura wa kitambaa alikuwa na pipi tumboni. Nilimgeuza nikaona zipu ndogo mgongoni, nikaivuta, na mfuko wa peremende za kila rangi ukachungulia kama utumbo. Nikamrudisha rafuni kwa nguvu kuliko alivyostahili. Masikio yake yakakunjika. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mtoto ndani ya toroli alinitazama, kisha akalisogeza toroli lake kando kidogo.

Nilikuwa nimezunguka rafu zile tangu nitoke kazini. Kila kitu kilikuwa cha waridi na manjano, na kila kitu kilikuwa na siri ileile. Kalamu za rangi zilikuwa na pipi kwenye vifuniko. Kikombe chenye picha ya kifaranga kilijazwa chokoleti hadi ukingoni. Nilishika mpira nikautikisa, ukalia ndani kama njuga. Nikasimama katikati ya njia, koti begani, nikasema kwa sauti, "Bwana wangu, hakuna Pasaka isiyolambwa?"

Nilikuwa na sababu ya kuuliza.

Mjukuu wangu Marlena alikuwa na miaka minane. Januari ile, mto wetu ukiwa umeganda kingo zote mbili, alianza kunywa maji kama mtu aliyevuka jangwa. Alikonda hadi soksi zikawa zinamshuka. Binti yangu Darlene alidhani mtoto anarefuka tu. Mimi nilidhani ni minyoo, nikamchemshia vitunguu saumu. Kisha asubuhi moja hakuamka vizuri, na hospitalini wakatuambia ni kisukari, kile cha watoto, kisichongoja uzee wala unene. Alirudi nyumbani na sindano, kijimashine cha kupimia damu, na ukimya.

Ukimya ndio ulioniumiza. Sindano aliizoea kabla yetu sote. Hakulia hospitalini, hakulia nyumbani, hakulia hata siku ambayo Darlene alimchoma mara mbili kwa makosa. Watu walimsifu: shujaa, shujaa. Mimi niliyezaa na kuzika nilijua kwamba mtoto asiyelia hajapona jambo. Amelifungia mahali tu.

Februari, Siku ya Wapendanao, mwalimu wake aligawa mioyo ya chokoleti kwa darasa zima, na yeye akampa penseli. Ilikuwa penseli nzuri, nyekundu, yenye kifutio cha umbo la moyo. Marlena alisema asante. Alipofika kwangu aliitoa begini, akaivunja juu ya goti, akavitia vipande kwenye pipa la taka, akaenda kunawa mikono.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimevunja penseli."

Na wiki ya kwanza ya Kwaresima, tukiwa mezani, alisema huku akitazama sahani, "Bibi, mwaka huu msiniwekee kikapu. Pasaka ni ya watoto wengine."

Darlene alishika kijiko chake kikabaki hewani. Mdogo wangu Metro, aliyeishi nami tangu afiwe na mke, alikohoa kile kikohozi alichotoka nacho kwenye tanuru la chuma na kusema supu ni ya moto. Mimi nilisema yangu baadaye, mbele ya sanamu ya Mama wa Mungu iliyoko juu ya jokofu, nikiwa na taulo ya vyombo mkononi. Babu zetu walishuka kutoka milima ya Karpati wakaja kuyeyusha chuma katika bonde hili la Pennsylvania, na walikosa mengi, lakini hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyewahi kukosa Pasaka, na kikapu chake cha pipi asubuhi ile. Nikasema: Bwana, umechukua sukari, sawa. Pasaka sikupi. Nitamtafutia kikapu kisicholika, kisichoyeyuka, kisichokwisha Jumatatu asubuhi, na atakipokea akicheka.

Nilidhani sehemu ngumu ilikuwa kuapa.

*

Metro ndiye aliyekuwa mkaguzi wangu. Kila nilichonunua nilikificha chumbani kwake, na kila nilichokificha alikifungua.

"Hii ni nini?"

"Yoyo. Huoni?"

"Naona ni yoyo, dada. Nauliza ilifanya kosa gani hadi ikafungwa hivi." Alikata plastiki kwa kisu cha mfukoni, akaingiza kidole kwenye kitanzi, akairusha chini. Kamba ikakatika. Yoyo ikabiringika chini ya kitanda, ikatokea upande wa pili.

"Imefufuka mapema," akasema.

"Metro! Ni Kwaresima!"

"Basi mwambie aliyeitengeneza naye afunge. Afunge kazi."

Mapovu ya kupuliza niliyaacha dukani mwenyewe. Yangeisha kabla ya misa. Mchezo wa kupanga vipande vya picha ulikuwa na kipande kimoja pungufu, nao ulikuwa mpya. Nilinunua lenzi ya kukuzia, ya kioo halisi, yenye mpini mweusi, nikaona hapo nimepata. Metro aliiweka juu ya ncha ya kidole chake akaitazama kwa jicho moja.

"Nzuri. Sasa ataona vizuri matundu yote ya sindano."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyo, anafungua mdomo kwanza kisha anaangalia kilichotoka. Lakini kesho yake nilirudisha lenzi dukani. Binti wa kaunta aliuliza ina kasoro gani, nikamwambia inaonyesha vizuri mno.

Jumanne na Alhamisi nilikuwa na masomo ya jioni. Nilikuwa nimeacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano ili kumuuguza mama yangu, na sasa, nikiwa na mjukuu, nilikuwa nikitafuta cheti changu katika chumba cha chini cha maktaba, pamoja na madereva wa malori na wasichana wenye watoto wachanga. Wiki ile mwalimu alitutaka tuandike aya moja juu ya kitu kinachodumu. Niliandika: Neno la Mungu linadumu. Kisha nikaketi na kalamu hadi kengele. Alinirudishia karatasi akiwa ameandika chini kwa wino wa kijani: Kweli. Kingine?

Kingine. Nilitembea na neno hilo wiki nzima kama jiwe ndani ya kiatu.

Mwishowe nilikuwa na kamba ya kuruka yenye vishikio vya mbao, tochi ndogo ya chuma, tiara jekundu la kurusha lenye mkia mrefu, na chungu cha udongo chenye mbegu za alizeti. Tiara Metro alilijaribu uani, likanasa kwenye waya wa simu, akalishusha kwa ufagio. Niliushona mkia kwa uzi mweusi. Niliviweka vyote kwenye kikapu kidogo cha Marlena, juu ya majani ya karatasi, nikarudi nyuma hatua moja kuvitazama. Vilikuwa vizuri. Vilikuwa imara. Na mimi nilikuwa nimekasirika navyo, na sikujua kwa nini.

Darlene aliingia akitoka saluni, ananuka dawa ya nywele, akakiona kikapu kabla sijakifunika.

"Mama, unampa mtoto zawadi, au unamlipa fidia?"

"Wewe umemtafutia nini?"

"Mimi natafuta usingizi, Mama."

Nilimwambia maneno ambayo si ya Kwaresima. Baadaye niliomba msamaha; kwa Mungu, si kwake.

*

Ijumaa Kuu, kwetu, ni siku ya hrin. Huo ni mzizi mweupe, mrefu kama mkono wa mtoto, na ukiukuna unapanda puani kuliko pilipili yoyote. Huchanganywa na kiazisukari chekundu na siki, ukatiwa kwenye chupa, ukawekwa kikapuni pamoja na vyakula vingine vya kubarikiwa, kwa sababu Pasaka yetu lazima iwe na uchungu wake. Haukuniwi ndani, nyumba nzima ingetoka mbio. Metro huketi kwenye baraza ya nyuma, upepo ukimpiga mgongoni, na bati la kukunia kati ya magoti. Bati hilo baba yetu alilitoboa mwenyewe kwa msumari, tundu baada ya tundu, kutoka kwenye kipande alichokiokota kiwandani, akalipigilia kwenye ubao wa kreti. Linanizidi umri.

Marlena alikuwa ameganda dirishani, pua kwenye kioo, akimtazama babu yake mdogo akilia machozi hadi kwenye masharubu. Kisha akatoka nje bila koti.

"Babu Metro, nijaribu."

"Muulize mwenye nyumba."

"Hapana," nikasema kutoka mlangoni, kabla hajaniuliza. "Litakuchubua vidole. Vidole vyako vina kazi ya kutosha."

Marlena alivitazama vidole vyake. Akaviingiza kwenye mikono ya sweta, akarudi ndani. Metro aliendelea kukuna. Alisema, bila kuinua kichwa, "Umemjibu haraka sana, dada."

"Nampenda."

"Ndiyo. Kila mtu anampenda haraka sana siku hizi."

*

Jumamosi Kuu asubuhi Darlene alikwenda kazini. Hiyo ndiyo siku ambayo bonde zima linataka kutengenezwa nywele. Kikapu cha chakula kilikuwa tayari, nacho kilikuwa kimelala kwenye baraza ya nyuma, kwenye baridi, maana jokofu lilijaa: mkate wa paska wenye misuko juu yake, soseji, paja la nguruwe, mayai yaliyotiwa nakshi kwa nta, jibini la mayai, mwanakondoo wa siagi mwenye macho ya karafuu, chumvi, na chupa ya hrin nyekundu kama damu. Kikapu kidogo cha Marlena kilikuwa jikoni, juu ya meza, na mtoto alikuwa anashuka ngazi.

Niliogopa atakiona kabla ya Jumapili. Nikachukua kitambaa cha mama yangu, kile cha misalaba myekundu aliyoitarizi kwa mkono, kinachofunika chakula cha kubarikiwa, nikakitupia juu ya kikapu chake. Nilijiona mwerevu. Katika nyumba yetu hakuna anayefunua kitambaa hicho kabla ya padri. Si mtoto, si mtu mzima, si mwenye njaa. Hapakuwa na mahali salama zaidi pa kufichia kitu.

Kisha nikapanda juu kutafuta mshumaa.

Niliposhuka, Metro alikuwa ameshapakia gari na kuketi kwenye usukani, injini ikinguruma. Marlena alikuwa nyuma, kofia hadi kwenye nyusi. Tulipokuwa tunapanda kilima Metro alisema, "Kikapu chepesi mwaka huu, dada. Umetufungisha Kwaresima mpaka na Pasaka yenyewe?"

"Endesha gari," nikamwambia. Nilikuwa nikisali rozari. Mungu huwa anatuma onyo, na huwa analituma kwa mdomo wa mtu ambaye umeshachoka kumsikiliza.

Kwenye ukumbi wa chini wa kanisa vikapu vilikuwa vimepangwa safu mbili sakafuni, mishumaa imewashwa, harufu ya soseji na nta imejaa hewani hadi watu waliofunga wanameza mate. Metro alikuja na chetu akakiweka kwenye pengo karibu na cha Bi Stefka, jirani yetu. Padri Myron alikuwa ameshaanza kuimba, akishuka safu na ndoo ya maji ya baraka na brashi yake ya majani makavu. Mbele yake watu walikuwa wanainama kufunua vitambaa. Nami nikainama, mshumaa mkononi, nikafunua changu.

Tochi. Kamba. Tiara jekundu.

Bi Stefka aliinama, miwani ikamshuka puani.

"Verona, hii nini? Mmeacha kula siku hizi?" Kisha akaelewa, na kuelewa kwake kulikuwa kubaya zaidi. Akageuka akamwona Marlena, akaweka kiganja kifuani. "Ah. Ni cha yule mtoto. Jamani, hata pipi moja. Maskini."

"Maskini," akarudia mwanamke wa nyuma yake.

Na Padri Myron, ambaye hawezi kukatiza wimbo wa baraka kama vile mto hauwezi kurudi, alifika, akatazama, nyusi zikapanda, akachovya brashi na kuipiga. Maji yakaanguka juu ya tiara kwa sauti ya mvua kwenye bati. Akaenda kwa anayefuata.

Nilimtafuta Marlena. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Alitazama kikapu, akanitazama, akatoka nje.

Padri alipomaliza safu alirudi kwangu akijifuta mikono. Alisema kwa upole, "Bi Verona, naona mwaka huu mtarusha tiara kabla ya kula."

"Chakula kimebaki nyumbani, Padri."

"Basi kakileteni. Mimi nipo. Nitakuwa nafagia."

*

"Kitambaa cha mama kilikuwa juu yake!" Metro alikuwa anapiga kelele, tukishuka kilima. "Ningejuaje?"

"Ungeinua uangalie!"

"Niinue kitambaa cha kubarikia kabla ya padri? Unataka nife njiani?"

"Ulisema chepesi! Soseji, paja na mkate mzima vinaweza kuwa vyepesi?"

"Nilisema, ukaniambia niendeshe gari. Ninaendesha!"

"Acheni," akasema Marlena.

Tukaacha. Alikuwa amekaa na kikapu chake magotini, tiara likidondosha maji kwenye suruali yake nzuri.

"Nilisema sitaki kikapu."

"Mwanangu," nikaanza, "nimezunguka maduka yote ya bonde hili. Nilitaka vitu vya kufurahisha. Vitu vitakavyodumu, si vya kula vikaisha..."

"Ni badala."

"Badala ya nini?"

"Ya pipi! Kila kitu ni badala ya pipi. Penseli ni badala ya pipi. Tochi ni badala ya pipi. Mkinipa kitu mnaniangalia usoni kuona kama nimefurahi." Sauti yake haikutetemeka, hilo ndilo lililonitisha. "Halafu lazima nifurahi."

Metro alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Mimi nilitazama mbele. Ndani yangu nilikuwa nabishana, si naye, bali na Yule niliyemwapia: niliomba wiki nzima unionyeshe rafu. Wiki nzima. Na hiki ndicho ulichonionyesha, mbele ya Stefka?

Nyumbani tulizunguka hadi baraza ya nyuma. Kikapu kikubwa kilikuwa pale kwenye benchi, kimetulia, kizito, kimefunikwa gazeti tu. Marlena alisimama mbele yake. Akaliinua gazeti.

"Hiki kina pipi?" akauliza.

"Hapana. Unajua hakina."

"Hata moja?"

"Hata moja. Kina mayai, kina..."

"Na hakuna mtu anasema maskini," akasema Marlena.

Nilikuwa na haraka, Padri anangoja. Nikakamata mpini wa kikapu, nikakinyanyua kwa pupa, kikainama upande, na chupa ya hrin ikateleza kati ya soseji na mkate, ikaanguka kwenye mbao za baraza na kupasuka.

Palikuwa pekundu kila mahali. Ile harufu ikatupiga wote watatu.

Nikaketi kwenye ngazi, na koti langu la kanisani. "Basi," nikasema. "Basi, nimeshindwa. Mwaka huu Pasaka itujie yenyewe ikitaka."

"Shukuru haijabarikiwa," Metro akasema, akirudi nyuma na pua mkononi. "Ingekuwa imebarikiwa tungelazimika kuzika baraza zima."

Alisema kweli. Kilichobarikiwa hakitupwi pipani. Ganda la yai, mfupa, makombo ya mkate, vyote huchomwa au kuzikwa bustanini. Mama yangu alikuwa akipangusa meza ya Pasaka kwa unyoya, asipoteze hata kombo moja.

"Twende bila hrin," nikasema.

"Bila hrin! Hiyo ni harusi bila mama mkwe. Tamu tupu, nani ataiamini?" Alikwenda jikoni akarudi na kipande cha mzizi kilichobaki jana, na bati la baba. Aliketi kwenye benchi, akakuna mara mbili, na kikohozi kikamkamata. Kilikuwa kikohozi cha kweli sasa, cha kifua kilichovuta moshi wa tanuru miaka yote ile. Akaweka bati chini, akatikisa kichwa. Nami vifundo vyangu vya mikono, tangu baridi ya Januari, havikuweza hata kukamua nguo.

"Nitakuna mimi," akasema Marlena.

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari pale, fupi, lenye upendo wote. Metro alinitazama juu ya leso yake. Nikaufunga mdomo.

Marlena alivua kofia. Aliketi kama anavyoketi Metro, mgongo kwa upepo, bati kati ya magoti, akaanza. Mwanzoni mzizi uliteleza. Kisha akapata mwendo, na ile sauti kavu ya bati ikajaza uwanja. Machozi yakamjia mara moja, kama yanavyomjia kila mtu. Akayafuta kwa bega akaendelea. Yakaja zaidi. Pua ikatiririka, mdomo ukajikunja, na kifua chake kidogo kikaanza kuruka, akikuna, akikuna, na sauti iliyomtoka haikuwa tena ya mtu anayekuna mzizi. Ilikuwa ndefu. Ilitoka mbali, ilitoka Januari.

Hrin ina adabu hiyo. Haimuulizi mtu analia nini. Metro aligeuka akatazama bustani. Mimi nikapiga magoti nikaanza kuokota vioo, kimoja kimoja, bila haraka, na nikamwacha Padri afagie.

"Ai!" akasema Marlena. Kifundo cha kidole kilikuwa kimechubuka. Tone la damu lilikuwa linaota juu yake, duara, safi.

Metro akasogea, akalitazama.

"Usilipoteze hilo," akasema. "Lete mashine, tulipime. Leo limekuja lenyewe, bure."

Marlena alimkodolea macho mekundu yaliyovimba. Kisha akacheka. Alicheka kamasi zikitoka, akakimbia ndani kuleta kijimashine, tukapima damu ile pale kwenye benchi, katikati ya maganda ya mzizi, na ilikuwa sawa. Hapakuwa na kiazisukari cha kuchanganya. Mwaka ule hrin yetu ilikuwa nyeupe, na kali kuliko zote.

Ukumbini Padri Myron alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, ufagio magotini. Marlena alikibeba kikapu kikubwa kwa mikono miwili, kikimgonga mapajani kila hatua, na alikataa kusaidiwa. Alikifunua mwenyewe. Aliushika mshumaa. Padri aliimba wimbo wote tangu mwanzo kwa ajili ya watu watatu, na alipofika kwenye bakuli la hrin aliinama kunusa, akapoteza mstari.

"Nani ameitengeneza hii?" akauliza, akipangusa macho kwa mkono wa vazi.

"Mimi," akasema Marlena. Hakuna aliyemwangalia usoni. Tulikuwa tunalia wote.

*

Kwa hiyo vile vitu vya kikapu kidogo vilibarikiwa kabla ya chakula, na mimi ndiye niliyebaki navyo. Tochi ilikufa kiangazi kilekile. Iko kwenye droo ya jikoni, siwezi kuitupa. Kamba ya kuruka ina kishikio kimoja. Tiara lilipochanika kabisa nililichoma uani nikazika majivu yake chini ya alizeti, na Metro, Mungu amrehemu, alisimama na kofia mkononi akisema hajawahi kuhudhuria mazishi ya kitu cha kuchezea, lakini haya ya tiara yamemgusa. Nilitaka vitu vya kudumu. Nimevipata.

Bati la kukunia hakuna aliyempa Marlena. Jumapili ile ya Pasaka, tulipokuwa tunaosha vyombo, nililitafuta nisilione. Lilikuwa kwenye kikapu chake, kati ya kamba na chungu cha mbegu, limeoshwa na kukaushwa. Nilisimama nikalitazama. Kisha nikarudi kwenye sinki, nikaendelea kuosha sahani.

Sasa anaishi mbali, mji wa magharibi ambako, anasema, inambidi aagize mzizi kwa posta. Ijumaa Kuu iliyopita alinipigia simu mchana. Alikuwa ameweka simu mahali fulani mezani, nikasikia upepo, na ile sauti kavu, huku na huku, ya matundu ya baba yangu. Tuliongea kuhusu hali ya hewa. Tuliongea kuhusu paska, kama ikandwe kwa yai moja au mawili. Kisha akanyamaza, na bati likaendelea, na nikasikia pumzi yake ikikatika.

"Unalia?" nikauliza.

"Ni hrin, Bibi."

"Haya," nikasema. Nikavuta kiti, nikaketi, nikashikilia simu sikioni hadi alipomaliza kukuna.